Mkanda Kwenye Msumari

Kila baada ya wiki mbili tatu mtu hunifuata kwenye maegesho ya kanisa letu hapa Louisville. Huizunguka pikapu yangu, huutazama mpira wa chuma uliofungwa nyuma yake, halafu huniuliza kwa sauti ya chini, kama anayetafuta dawa ya ugonjwa wa aibu, eti trela ya kulala inafaa? Hapo najua ameshaona picha kwenye simu: familia imekaa mbele ya nyumba ya magurudumu, moto unawaka, watoto wanacheka, na hakuna mwenye nyumba wa kuja kugonga mlango. Anataka ushauri wa kuvuta, wa ulinzi na wa barua. Mtaalamu ndiye mimi. Mganga hajigangi, lakini wagonjwa hawaachi kuja.

Basi nimeamua kuandika, ili siku nyingine nitoe karatasi mfukoni, nimkabidhi muulizaji, niende zangu nikale.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini, mkoa wa Kigoma. Niliingia kambini nikiwa mgongoni mwa mama, nikatoka nina ndevu. Tulipoletwa Marekani tulikuja wawili, mimi na kaka yangu mkubwa. Mama alibaki, kwa kuwa faili lake lilitenganishwa na letu na mtu ambaye hatukuwahi kumwona uso. Hapa nikapata kazi ya kufunga rafu ndani ya maghala, zile shelfu za chuma zinazopanda mpaka darini. Ghala la Louisville likiisha tunaanza la Columbus, la Columbus likiisha tunapelekwa Buffalo. Miezi mitatu huku, minne kule. Nilichoka kulala kwenye makochi ya watu nikisikiliza watoto wao wakiniuliza kwa Kiingereza nitaondoka lini. Nikanunua trela nyeupe, ya zamani, yenye mstari wa kahawia ubavuni.

Na unajua trela huwekwa wapi? Kambini. Wamarekani wenyewe ndivyo wanavyopaita. Ni uwanja wenye namba, bomba la maji, foleni ya bafu, na mlinzi getini mwenye orodha ya majina. Watu wanalipa kukaa pale, tena wanapiga picha. Nilipomweleza mama kwa simu aliniuliza nimefanya kosa gani hata wakanirudisha.

Mama ndiye sababu ya mengine yote, kwa hiyo nimtaje mapema. Mwenye kadi ya kijani, ya ukaazi tu, hawezi kumwombea mzazi wake aje, raia anaweza. Niliomba uraia. Mama mmoja wa kujitolea pale kanisani alinijazia fomu, tukazituma, na kuanzia hapo nikawa nangoja barua ya kuitwa kwenye usaili. Mama naye alingoja. Kila Jumapili, baada ya kuniambia magoti yanauma na kwamba jirani fulani kapandishwa kwenye basi kurudishwa Burundi, aliuliza swali lilelile: barua imefika? Kijiji chetu cha kambi kilikuwa kinapungua watu, nyumba kwa nyumba. Niliogopa siku ambayo basi lingesimama mlangoni kwake kabla yangu. Niliogopa sana, na bado nikawa na muda wa kujifunza kuosha madirisha ya trela.

Haya, ushauri.

Tuanze na kuvuta. Mzigo mzito hukaa mbele ya magurudumu ya trela, si nyuma yake. Jambo hili limeandikwa kwenye kitabu kinachokuja na trela, kitabu ambacho mimi nilikitumia kuinulia mguu wa meza. Safari yangu ya kwanza kwenda Columbus nilipakia magunia manne ya unga wa mahindi, moja la maharage na ndoo mbili za mawese, vyote chumba cha nyuma, chini ya kitanda. Mtu aliyekulia kwenye mgao haendi mji asioujua bila unga wake. Nilipofika mwendo wa barabara kuu, trela ikaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, na pikapu ikaanza kuitikia. Nikafanya kile ambacho kitabu kinakataza, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Mungu hakuwa tayari kunipokea. Nilisimama pembeni nikahamisha magunia kwa bega hadi jikoni, huku askari wa barabarani akinitazama kutoka ndani ya gari lake. Aliteremka akauliza nimebeba nini. Chakula, nikasema. Cha watu wangapi? Cha mtu mmoja. Alirudi kwenye gari lake bila kuandika chochote.

Kwa hiyo, mzigo mbele. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kile chuma cha kuvutia, ili trela ikichomoka idakwe isizikwe kwenye lami. Taa zijaribiwe kabla hujatoka, na mtu asimame nyuma akuambie kama zinawaka. Usimweke kaka yangu, kwani yeye hukubali kila kitu anachoulizwa.

Na ununue mikanda. Nazungumzia mkanda wa kufungia mzigo, ule wenye chuma cha kukazia, usiolegea hata ukipigwa na upepo siku nzima. Nilikuwa nao mmoja, wa njano, mpana kama kiganja, niliopewa na fundi mmoja mzee siku aliyoacha kazi. Kaka aliuazima afungie friza aliyoinunua mtaa wa pili. Friza ilifika, mkanda haukurudi. Yeye na mkewe wanakaa Okolona, kusini ya Louisville, karibu na maghala, na kila nilipopiga simu kwao, salamu zikiisha, nilikuwa na ajenda moja. Mkanda wangu uko wapi? Vipi, mkanda wangu? Jamani, mkanda wangu. Kaka alijibu ndiyo, ndiyo. Shemeji, yaani mke wa kaka, alikuwa akisikiliza kwenye spika huku anapika.

Shemeji ni Mkongo, mtu wa Kalemie. Hapa lazima nikiri ubaya wangu mmoja. Mimi najivunia Kiswahili changu. Nilikisoma shule ya kambi kwa walimu waliochapa viboko kwa kosa la ngeli, na nikaona si haki wengine wakizungumza bila kuchapwa. Shemeji akisema kitabu yangu, mimi nasema changu. Akisema watoto iko wapi, mimi nasema wako. Mezani kwake, chakula chake mdomoni. Yeye hutabasamu, husema bon, yaani sawa kwa Kifaransa, na huniongezea ugali. Mwisho akawa hanibishii tena lolote nilisemalo, na mimi nikadhani amejifunza.

Tuje kwenye ulinzi. Wengi huniuliza kuhusu wezi, na ni kweli trela huibiwa. Mtu huja na gari lenye mpira kama wako, huunganisha, huaga. Pale Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, rafiki yangu wa kanisani alinikaribisha niiegeshe kwenye maegesho ya apatimenti zao. Nilinunua kufuli ya kichwa cha trela. Nikanunua chuma cha njano cha kubana gurudumu. Nikapitisha mnyororo kwenye magurudumu yote ya upande wa kulia na kuufunga kwa kufuli mbili, moja ikiwa ya kumdanganya mwizi. Dirishani nikabandika picha ya mbwa mkali. Rafiki yangu alisema hajaona hata benki iliyofungwa namna ile.

Nilirudi kutoka kazini mchana nikakuta nafasi tupu, safi, limebaki doa la mafuta. Haikuibiwa. Ilivutwa. Kampuni ya kuvuta magari ilikuja na lori lake, ikainyanyua na kufuli zake zote, na mnyororo wake, na mbwa wake, ikaondoka nayo mchana kweupe. Nguzoni, juu kidogo ya mahali nilipokuwa nikisimama kila asubuhi kuvuta mnyororo, palikuwa na kibao kinachosema trela haziruhusiwi. Nilikuwa nimekitumia kama alama ya kurudi nyuma. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi ningeshukuru kama angetokea mtu akaniambia. Kwa hiyo ushauri wangu wa ulinzi ni huu: kabla ya kununua kufuli, soma nguzo.

Niliikomboa siku ya tatu. Msichana wa pale ofisini alinipongeza kwa kufuli zangu.

Sasa barua, ambayo ndiyo mada iliyonikalisha hapa.

Mtu wa trela hana anwani. Wenye kambi hawapendi barua zako zije kwao, na hata wakikubali, utakuwa umeshahama. Zipo kampuni za kupokea barua na kukutumia uliko. Posta nazo zina utaratibu wa kukutunzia barua dirishani ukienda na kitambulisho. Wenye akili hutumia njia hizo. Mimi nilitumia njia ya ukoo. Niliandikisha posta kwamba barua zote za apatimenti yangu ya zamani, ile iliyoandikwa kwenye fomu za uraia, zipelekwe kwa kaka, Okolona. Posta hubandika kikaratasi cha njano juu ya bahasha, chenye anwani mpya, na kuisukuma mbele. Barua nyingine za serikali hazikubali kusukumwa, hurudi zilikotoka. Hilo nalo sikulijua. Hata namba ya simu niliyoandika kwenye fomu nilikuwa nimeshaibadilisha. Nilikuwa nimejiziba kila upande.

Majira ya baridi yalinikuta Buffalo. Shemasi mmoja wa North Buffalo alikuwa amenipa sehemu nyuma ya nyumba yake, baada ya kuniuliza mara tatu kama nina hakika kwamba watu hulala humo mwezi wa kwanza. Nilikuwa na hakika. Bomba la maji la trela halikuwa na hakika. Liliganda siku ya pili. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimelala chali juu ya theluji, chini ya trela, napuliza bomba kwa mashine ya kukaushia nywele niliyoazimwa na mke wa shemasi, ndipo simu ikalia. Shemeji.

"Shemeji, mukanda yako iko huku kwetu," akasema. "Nifanye nayo nini?"

Nilifurahi, jamani. Miezi mingapi nimeulilia mkanda ule.

"Ule wa njano?" nikauliza.

Nikasikia akiugeuza, akanijibu njano kwa Kifaransa chake. "Bon, iko na ka-jaune hapa juu, ndiyo."

"Basi uning'inize gereji, kwenye msumari. Uache ulivyokunjwa, usiufungue."

"Kwenye musumari?"

"Ndiyo, kwenye msumari, pale karibu na mlango."

"Hutaki nikutumie picha?"

"Picha ya mkanda ya nini, shemeji? Naujua mkanda wangu."

Akasema bon, haya. Maji yakaanza kunidondokea usoni kutoka kwenye bomba, nikakata simu nikishangilia mambo mawili kwa pamoja. Kesho yake mama aliuliza kama barua imefika. Nikamwambia bado, awe na subira, serikali ya hapa ina mambo mengi.

Nilirudi Louisville miti ikichanua. Nilipitia Okolona kusalimia, nikala, nikasahihisha ngeli mbili, kisha nikaenda gereji kuchukua mali yangu. Kwenye msumari karibu na mlango palining'inia mfuko wa plastiki ulio safi, umefungwa fundo juu usiingie vumbi. Ndani yake mlikuwa na bahasha. Bahasha nyeupe, na juu yake kikaratasi cha njano. Mkanda wangu wa njano ulikuwa bado umeikumbatia friza, pale pale pembeni.

Niliifungua nimesimama. Tarehe ya usaili ilikuwa imepita wiki tano.

Sikumbuki nilivyotoka gerejini. Nakumbuka jikoni. Nilimwuliza shemeji kwa nini barua ya serikali inatundikwa kwenye msumari kama shati. Akasema mimi ndiye niliyemwambia. Nikasema niliambiwa mkanda. Akasema ndiyo, mukanda. Nikasema mkanda ni wa kufungia, barua ni barua. Akasema kwao mukanda ni ile inaandikwa, inawekwa kwenye bahasha, inatumwa kwa mutu. Binti yao wa miaka kumi na minne, ambaye angeisoma bahasha ile kwa nukta moja kama mtu angemwuliza, alisimama mlangoni akasema kwa Kiingereza kwamba sote wawili tuko sawa. Nami nikasema neno ambalo ningelipa lirudi mdomoni.

"Hicho si Kiswahili," nikamwambia. "Hicho ni takataka."

Shemeji alizima jiko. Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza mara mbili," akasema. "Nilikuuliza na picha."

Kaka, ambaye hukubali kila kitu, siku hiyo hakukubali. Aliniambia nichukue mkanda wangu niende.

Nilikwenda nao. Niliuweka kiti cha mbele, karibu yangu, na niliuchukia kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki. Njia nzima nilijitetea kwa yule mimi wa kichwani. Nilimwambia kwamba Kiswahili kina wenyewe, kwamba mtu wa kawaida angesema barua, kwamba kosa si langu. Nyani haoni kundule. Nilipofika kambini na kuanza kuegesha, nikakumbuka jinsi shemeji alivyofunga ule mfuko, fundo la kwanza na la pili juu yake, usiingie vumbi, usiingie maji. Alikuwa ameutunza vizuri upuuzi niliomwagiza. Nililia ndani ya pikapu, injini ikiwa inanguruma ili majirani wasisikie.

Baadaye kaka alinieleza yaliyobaki. Kumbe shemeji, kwa miezi ile yote niliyokuwa napiga simu kuulizia mkanda wangu, alidhani nangoja barua kwa hamu. Alikuwa akienda kwenye sanduku la barua kila siku akitoka kazini, kabla hata ya kuvua koti. Siku barua ilipofika aliona anipigie palepale. Nilipomwambia aitundike alishangaa, lakini akajisemea huyu mtu wa trela ana taratibu zake, na tena hapendi kubishiwa. Kuifungua hakufikiria. Kwao, kama kwetu, barua ya mtu hufunguliwa na mwenyewe.

Niliandika kuomba tarehe nyingine, nikaeleza kwamba barua ilichelewa kunifikia. Sikueleza msumari. Na mama nilimdanganya. Jumapili baada ya Jumapili nilimwambia bado, na yeye aliniambia nani tena kaondoka. Mwezi wa sita alisema kanisa lao limeunganishwa na la kijiji kingine maana waliobaki hawatoshi kwaya. Mwezi wa nane alisema maofisa wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani yuko tayari kurudi, na kwamba yeye aliwajibu anangoja barua ya mwanawe. Wakamwuliza kwa muda gani. Aliniuliza mimi awajibu nini wakirudi.

Shemeji hakuongea nami muda wote huo. Nilipiga simu kuomba radhi, kaka akapokea, akasema yuko kazini. Nilipiga tena, yuko kazini. Shemeji anafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu zake nazijua, na najua alikuwa amekaa palepale.

Kisha majani yakaanza kuanguka, nami nikawa Reynoldsburg tena, safari hii kambi halali, nimesoma nguzo zote. Ilikuwa saa sita mchana, siku yangu ya mapumziko. Nikasikia gari dogo likija polepole mno juu ya kokoto, likasimama, likazimika, likawaka, likasogea hatua mbili, likazimika tena. Mlango wa trela ukagongwa.

Alikuwa shemeji, peke yake, na koti la kanisani. Leseni alikuwa ameipata mwezi ule ule. Alikuwa hajawahi kuendesha kupita daraja la mto wa Louisville, na sasa alikuwa ametoka Okolona mpaka Reynoldsburg, zaidi ya saa tatu, upande wa kulia wa barabara kuu, ambao huku ni wa waendao polepole, njia nzima, malori yakimpita na kumtikisa. Mikono yake ilikuwa bado imekunjika kama imeshika usukani. Hakuketi. Alifungua mkoba, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia akatoa bahasha nyeupe yenye kikaratasi cha njano.

"Barua yako, shemeji," akasema. Alilitamka neno lile taratibu, silabi kwa silabi, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Ba-ru-a."

Nilimwuliza kwa nini hakupiga simu.

"Simu ndiyo ilituharibia," akasema.

Niliipokea kwa mikono miwili. Nilitaka kusema hotuba, nilikuwa nimeiandaa tangu majira ya joto, yenye ngeli zote mahali pake. Haikuja. Nilisema, "Asante kwa mukanda." Alinitazama kuona kama namcheka. Alipoona simcheki, akakaa, akavua koti, akauliza kama katika nyumba hii ya kukokotwa kuna chai.

Kuna chai, na kuna unga. Alicheka alipoona magunia jikoni.

Nilifika kwenye usaili saa moja na nusu kabla ya wakati. Nilikuwa nimekariri maswali yao yote, rais wa kwanza, idadi ya maseneta, mito mirefu. Ofisa alianza na swali ambalo sikulikariri: unaishi wapi? Nilifungua mdomo nikakuta miji mitatu inagombania kutoka. Mwishowe nilimpa anwani ya Okolona, na nilipokuwa naisema niliona kwamba sidanganyi. Ndiyo nyumba pekee ambayo mtu alikuwa akienda kwenye sanduku la barua kila siku kwa ajili yangu. Nikafaulu. Nikaapa. Wiki ile ile tukatuma fomu za mama.

Jumapili iliyofuata nilimpigia nikamwambia yote, pamoja na ile barua ya kwanza, na msumari, na wiki tano. Nilimwambia pia nilichomwambia shemeji. Nilikuwa jikoni Okolona, simu iko kwenye spika, shemeji anasonga ugali. Nilidhani mama atacheka, au atalia kwa miezi ile aliyopotezewa. Badala yake akasema kwa Kirundi, isipokuwa neno moja:

"Umemsahau mama Mkongo wa nyumba ya tatu, yule wa mbuzi? Ulikuwa na miaka tisa. Kila wakipata habari kutoka kwao alikuja kwetu na *mukanda* wake mkononi, na wewe ndiye uliyemsomea."

Nilimkumbuka alipomaliza kusema. Nilikumbuka hata harufu ya mbuzi, na jinsi yule mama alivyoketi chini na kunipa bahasha, akisema nisome mukanda polepole. Sikumsahihisha hata siku moja. Alikuwa akinipa karanga.

Huu sasa ndio ushauri wangu, ndugu wa maegesho. Mzigo mbele, nguzo zisomwe, na barua zako zipokelewe na mtu ambaye hujamtukana.

Trela bado ninayo, ila Jumapili nikiwa Louisville nala Okolona. Fomu za mama ziko mahali fulani kwenye foleni. Nyumba yake sasa ni ya mwisho katika safu yake yenye moshi jikoni. Wale maofisa walirudi, naye aliwajibu kwamba mwanawe ameapa, wamwache kidogo. Kila wiki ananiuliza kwa neno la yule jirani, naye shemeji huacha mwiko asikilize.

"Mukanda umefika?"

"Bado, Mama. Haujafika."

"Haiyafika," shemeji hunisahihisha.